Seva ya ofisi ndogo Arusha: mwongozo kamili, toka daftarini hadi bakapu

Msimu wa wageni ukianza Juni, simu ninazopigiwa zinafanana. Ofisi ya utalii, watu kumi au kumi na wawili, kila mtu na kompyuta yake, na hakuna anayejua faili sahihi ya bei ni ipi. Dada wa mauzo anayo "bei mpya". Mhasibu anayo "bei mpya ya mwisho". Bosi yuko Serengeti na wageni, na laptopu aliyoondoka nayo ndiyo yenye "bei ya mwisho kabisa". Huku nyuma mgeni ameshatumiwa bei ya mwaka jana, na hiyo tofauti itatoka mfukoni mwa ofisi.

Mama mmoja mwenye ofisi isiyo mbali na Mnara wa Saa aliniuliza, "Fundi, hiyo seva unayoisifia itaniingizia shilingi ngapi?" Nikamwomba kwanza anihesabie saa ambazo vijana wake walizipoteza wiki ile kwa kutafuta faili na kutumiana kwa WhatsApp. Alianza kwa vidole vya mkono wa kushoto. Alipofika wa kulia akasema basi, tuendelee.

Mwongozo huu wa kufunga seva, yaani kompyuta moja inayotunza faili za ofisi nzima na kuwahudumia wote, ni wa ofisi za aina hiyo: utalii, duka la vifaa vya ujenzi, zahanati binafsi, shule ndogo, ofisi ya wakili. Nimeuandika nikiwa Arusha. Wenzetu wa Moshi watabadilisha mambo mawili matatu, hasa habari ya joto.

Kwanza, kwa nini si kompyuta ya kawaida tu

Windows ya mezani imetengenezwa imhudumie mtu aliyekaa mbele yake. Ukiigeuza kuwa ghala la faili za ofisi itakubali, lakini leseni ya Windows 10 na 11 inaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuiingia kwa wakati mmoja. Na kabla hata hujafika huko, kuna siku mtu atachomoa waya wake ili achaji simu, na ofisi nzima isimame.

Mfumo endeshi wa seva, uwe Windows Server au Linux, umetengenezwa kuhudumia watu wengi kwa mpigo, miezi kadhaa bila kuzimwa, hata kama hauna kioo wala kibodi. Kila mtu anaingia kwa jina lake. Kila folda ina orodha ya wanaoruhusiwa kusoma na wanaoruhusiwa kubadilisha. Faili inakaa mahali pamoja, na bakapu, yaani nakala ya akiba, inafanyika hapo hapo pamoja usiku watu wakiwa wamelala. Mengine yote, kama vile kugawana printa, kuweka programu ya uhasibu au kuingia ofisini ukiwa safarini, yanajengwa juu ya hayo.

Ila kama mko wawili au watatu na kila mmoja ana laptopu yake, usinunue seva. Lipia hifadhi ya mtandaoni, fuata utaratibu mmoja wa kutaja faili, na hela iliyobaki weka kwenye UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Nimewahi kuikataa kazi kwa sababu hiyo, na siku ofisi ile ilipofikia watu wanane walinirudia wenyewe.

Hatua ya 1: daftari kabla ya mashine

Kaa na mwenye ofisi na daftari. Chora safu: jina la mtu, kazi yake, folda anazohitaji kusoma, folda anazohitaji kubadilisha. Ofisi ya utalii huwa inaishia na folda tano au sita: Bei, Mauzo, Safari, Uhasibu, Wafanyakazi na Picha. Madereva hawahitaji kuona mishahara. Mhasibu hahitaji kufuta picha za simba. Kazi hii inaonekana ya kitoto, lakini ndipo ugomvi wa ndani ya ofisi unapojitokeza, na ni afadhali ujitokeze mezani kuliko baada ya seva kuwashwa.

Halafu andika programu zote zinazotumika, hasa ya uhasibu. Muulize aliyeiuza: inaweza kukaa kwenye Linux, au inadai Windows? Jibu hilo moja litaamua nusu ya hatua inayofuata.

Mwisho andika ukubwa wa faili zilizopo. Nyaraka huwa ndogo. Picha na video za safari ndizo zinazokula diski.

Hatua ya 2: chagua mfumo kwa kuangalia nani atautengeneza

Watu hubishana Linux na Windows kama Simba na Yanga. Mimi huuliza mambo mawili tu: programu yako inadai nini, na mfumo ukigoma saa nne asubuhi ya Jumatatu, nani hapa mjini ataweza kuuamsha? Mfumo mzuri ambao fundi wake yuko Dar es Salaam utakugharimu nauli na siku nzima ya kazi.

Kama programu ya uhasibu inadai Windows, chukua Windows Server na usijisumbue. Lakini jua unachonunua. Toleo la Standard hulipiwa kwa idadi ya koa (core) za prosesa, na kiwango cha chini ni koa 16 kwa kila seva, hata kama mashine yako ina sita. Juu yake kuna leseni nyingine ya kila mtu au kila kifaa kinachoingia kwenye seva. Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika kwenye makadirio ya wauzaji wengi, kwa hiyo idai iandikwe kwenye proforma. Kwa ofisi ndogo kuna toleo la Essentials, lisilodai leseni hizo za ziada, lenye ukomo wa watumiaji 25 na vifaa 50. Microsoft pia hutoa Windows Server ya majaribio ya siku 180. Inatosha kabisa kujifunzia, ila usiifanye ya kazi kwa matumaini kwamba siku ya 181 haitafika.

Ile inayouzwa kwenye flashi mitaani, "imeshafunguliwa", iache. Aliyeivunja kufuli hujui nia yake, na wewe unaenda kumwekea ndani pasipoti za wageni.

Kama hitaji lako ni faili, ruhusa, bakapu na printa, chagua Linux. Haina ada ya leseni. Ubuntu Server na Debian, aina mbili za Linux, ndizo ninazozifunga zaidi kwa sababu vijana wanaozijua wanapatikana, na maelezo yake yamejaa kila kona. Kompyuta za Windows za ofisini zitaiona seva ya Linux kama folda ya kawaida, kwa kupitia programu iitwayo Samba, iliyoanza kuandikwa na Andrew Tridgell mwaka 1992. Mtumiaji hatajua tofauti, wala hana haja ya kujua. Tangu Samba 4 ilipotoka Desemba 2012, inaweza hata kusimamia majina na nywila za kompyuta zote za ofisi kwa utaratibu wa Microsoft uitwao Active Directory, kazi ambayo zamani ilidai Windows Server. Kwa kompyuta chini ya kumi na tano, hata hivyo, huwa siifungi hivyo. Inaongeza mambo ya kuharibika.

Lolote utakalochagua, tazama tarehe ya mwisho ya masasisho ya usalama. Ubuntu 24.04 LTS, iliyotoka Aprili 2024, itayapata bila malipo hadi 2029. Windows Server 2022 inayo hadi Oktoba 2031. Windows Server 2012 iliachwa tarehe 10 Oktoba 2023, na CentOS 7 tarehe 30 Juni 2024, lakini mashine zenye mifumo hiyo bado zinauzwa "ikiwa na kila kitu ndani". Mashine inunue ukipenda. Mfumo ufute.

Hatua ya 3: mashine na umeme

Kwa faili za watu kumi na tano huhitaji mnyama. Kompyuta ya mezani iliyotumika lakini nzima, RAM ya GB 8 au 16, SSD ndogo ya mfumo, na diski mbili kubwa zinazolingana. Hizo mbili ziunganishe ziwe kioo cha mwenzake, yaani RAID 1, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Kisakinishi cha Ubuntu Server kinakuruhusu kufanya hivyo wakati wa kugawa diski. Seva na kompyuta ziunganishwe kwa kebo na swichi, kile kisanduku cha kukutanishia kebo za mtandao. Wi-Fi waachie wenye simu.

Kwa joto, Arusha tumebarikiwa. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na seva moja haihitaji kiyoyozi, chumba chenye hewa kinatosha. Moshi uko chini zaidi na Januari huko inachoma, kwa hiyo weka feni na usiifungie seva kabatini. Adui wa Arusha ni vumbi. Fungua mashine kila miezi mitatu uipulize, na usiiweke sakafuni.

Umeme ndio mtihani wenyewe. Unaokatika ghafla huua diski na kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa, na unaporudi kwa kishindo huua kifaa cha kusambaza umeme ndani ya mashine (power supply). UPS ni lazima, na iwe yenye tundu la USB. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima kwa heshima. Ukiiunganisha na seva kwa waya wa USB na kusakinisha programu ya NUT, betri ikikaribia kuisha seva itajizima yenyewe, hata kama ni saa nane usiku na mlinzi amelala. Kila mwezi chomoa UPS ukutani ukiwa umesimama pale. Nimekuta ofisi zenye UPS nzuri zenye betri iliyokufa miaka miwili nyuma, na hakuna aliyejua.

Kuhusu bili: seva ndogo ya wati 60 pamoja na swichi na ruta za wati 20 ni wati 80. Kwa saa 24 ni karibu uniti mbili, kwa mwezi kama 58. Zidisha na bei ya uniti unayolipa.

Hatua ya 4: kufunga, kwa mfano wa Ubuntu

Ruta ipe seva anwani isiyobadilika. Hapa nitatumia 192.168.10.5. Diski zile mbili nimezipachika kwenye /data. Baada ya kusakinisha mfumo, sasisha kwanza, halafu weka Samba, kwa kuandika amri hizi:

    sudo apt update && sudo apt upgrade
    sudo apt install samba

Tengeneza kundi la mauzo na folda yake:

    sudo groupadd mauzo
    sudo mkdir -p /data/mauzo
    sudo chgrp mauzo /data/mauzo
    sudo chmod 2770 /data/mauzo

Ile 2 mbele ya 770 inafanya kila faili mpya irithi kundi la folda. Ukiisahau, wiki ijayo utasikia "faili ya mwenzangu inakataa kufunguka", na utalala ukitafuta sababu.

Ongeza mtu. Tumia jina lake mwenyewe, siyo "mapokezi" wala "ofisi1", maana jina la kikundi halimwajibishi yeyote:

    sudo adduser --no-create-home --shell /usr/sbin/nologin neema
    sudo usermod -aG mauzo neema
    sudo smbpasswd -a neema

Kisha fungua /etc/samba/smb.conf, nenda mwisho wake, andika:

    [mauzo]
    path = /data/mauzo
    valid users = @mauzo
    read only = no
    force group = mauzo
    create mask = 0660
    directory mask = 2770
    vfs objects = recycle
    recycle:repository = .takataka/%U
    recycle:keeptree = yes

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Faili ikifutwa kupitia mtandao kwa kawaida haipiti kwenye pipa la taka la Windows. Inapotea moja kwa moja. Hapa inahamia kwenye folda iliyofichwa yenye jina la aliyeifuta. Utamwokoa mtu, na pia utajua ni nani, bila kuulizana kwa sauti.

Kagua kama hujakosea, washa upya, halafu funga milango yote isipokuwa unayoihitaji:

    testparm
    sudo systemctl restart smbd
    sudo ufw allow OpenSSH
    sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any app Samba
    sudo ufw enable

Kwenye kompyuta ya Windows andika \\192.168.10.5\mauzo juu ya dirisha la faili, weka jina na nywila, kisha ifanye iwe diski yenye herufi yake, mfano M. Watu wataizoea kuliko anwani ndefu. Rudia kwa kila kundi. Folda ya Bei ifanye ya kila mtu kusoma, na mtu mmoja au wawili kubadilisha. Hapo ndipo habari ya "bei ya mwisho kabisa" inapokufa.

Hatua ya 5: bakapu

RAID siyo bakapu. Kioo kinaonyesha kila kitu, hata ulichofuta kwa makosa sekunde hii. Virusi vya kudai fidia vilivyosambaa Mei 2017 kwa jina la WannaCry vilifunga faili kwenye mashine za Windows zisizosasishwa. Diski mbili zinazofanana zingefungwa zote mbili.

Unataka nakala tatu: ya seva, ya diski ya nje, na ya nje ya jengo. Nunua diski mbili za nje. Moja ipo ofisini ikipokea bakapu kila usiku kwa programu kama restic, ambayo hufunga data kwa nywila na kukuwezesha kurudi kwenye hali ya juzi au ya mwezi uliopita. Nyingine iko nyumbani kwa bosi, Njiro au Sakina au popote anapolala. Ijumaa jioni zinabadilishana. Diski iliyo ndani ya begi, haijachomekwa popote, haiwezi kufungwa na kirusi wala kuungua na ofisi.

Na mtandaoni? Nzuri kwa nyaraka. Kwa picha, piga hesabu kwanza. GB 500 kupitia laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde ni karibu saa 111, siku nne na nusu bila kupumzika. Tukumbuke pia tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikalegea. Siku zile, mwenye faili zake ndani ya jengo aliendelea kuandaa ratiba na ankara. Kilichomshinda ni kuzituma tu.

Kisha jaribu kurudisha. Kila mwezi chagua faili moja bila kupanga, irudishe kutoka kwenye diski ya nje, ifungue uisome. Mimi mwenyewe niliwahi kuiamini bakapu iliyokuwa ikiripoti "imekamilika" kila usiku huku ikinakili folda tupu, kwa sababu diski ya data ilikuwa haijapachikwa baada ya umeme kukatika. Nilikuja kugundua mwezi wa tatu. Tangu hapo sisomi ripoti, nafungua faili.

Hatua ya 6: kuingia ukiwa nje

Bosi atataka kuona faili akiwa Karatu. Usifungue mlango wa Samba wala ule wa kuingia Windows kwa mbali, namba 3389, moja kwa moja kwenye intaneti. Milango hiyo inapapaswa na roboti za dunia nzima usiku na mchana. Tumia WireGuard, programu inayojenga njia ya siri ya kuingia ofisini kupitia intaneti, iliyomo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, na kila laptopu ipewe ufunguo wake. Laptopu ikiibiwa unafuta ufunguo mmoja tu.

Kikwazo cha hapa kwetu: ofisi nyingi zinatumia ruta za laini ya simu, na mara nyingi ruta hizo hazipewi anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka nje. Utasakinisha kila kitu vizuri na hakuna atakayeingia. Muulize mtoa huduma wako kama anauza anwani ya kudumu. Kama hauzi, kodi seva ndogo ya mtandaoni iwe mahali pa kukutania.

Hatua ya 7: kuhamia

Usihamishe Julai. Kwa ofisi za utalii, fanya kazi hii Aprili au Mei, mvua za masika zikinyesha na simu zimetulia. Anza na folda moja, ya Bei, wiki nzima. Watu wakishaizoea, leta Mauzo, kisha Uhasibu mwisho wa mwezi ukishafungwa. Zile folda za zamani kwenye kompyuta za watu zifanye za kusoma tu. Usizifute mpaka miezi miwili ipite.

Mhasibu mwambie askani risiti za EFD mara anapozipata, maana karatasi yake hufifia, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Pasipoti za wageni na vyeti vya wagonjwa vipewe folda yenye watu wachache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hapo seva inakupa jibu ambalo flashi haiwezi kukupa: nani ana ruhusa ya kuona nini.

Mtu akiacha kazi, mzimie akaunti siku hiyo hiyo, kabla hata ya keki ya kumuaga:

    sudo smbpasswd -d neema

Na fundi naye anaweza kuacha kazi, kuugua au kugombana na wewe. Nywila kuu ya seva, nywila ya restic na mchoro wa kebo viandikwe kwenye karatasi, vitiwe kwenye bahasha, vikae kwenye sefu ya ofisi. Bahasha ya pili ikae pamoja na ile diski ya nyumbani, lakini droo nyingine.